Barua kutoka Pauri: Mabega Manne

Wilaya ya Pauri Garhwal, Uttarakhand, India

Dada mpendwa,

Baridi ya huku ni kali, lakini wenyeji wangu wamenipa blanketi la sufu na kila jioni wananikalisha karibu na moto.

Nimekuwa na hamu ya kukuandikia tangu nifike kijijini hapa, kwa sababu mengi ninayoyaona yananirudisha kwenye kazi uliyoifanya Agosti 2022, ulipoweka chaki chini ukashika kishikwambi na kuzunguka vitongoji vya kwetu Mtae ukiwa karani wa sensa. Ulituambia siku zile kwamba kaya za mwisho wa njia ndizo zilizokuchosha kuliko zote, na kwamba hukukubali kuziandika kwa kuuliza majirani. Taifa likatangaziwa watu 61,741,120, na ndani ya hesabu hiyo wamo wale wazee uliowapandia mlima. Namba ikishatoka mikononi mwa karani inakwenda kufanya kazi gani? Huku nimeiona kazi yake kwa macho.

Mtu akitaja India, sisi tunafikiria umati. Ni kweli: mwaka 2023 Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa nchi hii imeipita China kwa wingi wa watu, na ukisimama stesheni ya treni pale Dehradun, ninakosoma, huna la kubisha. Lakini panda milima ya Garhwal uone. Wilaya hii ya Pauri ilikuwa na watu 697,078 katika sensa ya 2001. Sensa ya 2011 ikawakuta 687,271. Katika miaka hiyohiyo kumi India nzima iliongeza watu zaidi ya milioni 180. Jirani zao wa Almora nao walipungua. Na waliopungua zaidi ni wanaume: nchi nzima ilikuwa na wanawake 943 kwa kila wanaume 1,000, lakini Pauri walikuwa 1,103. Serikali ya jimbo iliunda tume ya kuchunguza uhamaji mwaka 2017, ikaiwekea makao yake hapahapa Pauri, na mwaka uliofuata tume ikaripoti kwamba vijiji 734 vya Uttarakhand vimebaki bila mtu hata mmoja tangu 2011. Nyumba zimesimama, mtini kuna matunda, ila hakuna wa kufungua mlango.

Kijiji nilichofikia bado kina watu. Jina lake sitaliandika, kwa kuwa ni wachache mno kiasi kwamba ukitaja kijiji umewataja wao. Ni kwao mwanafunzi mwenzangu wa Dehradun, na ninaishi nyumbani kwa mama yake.

Safari ya kuja ilianzia Kotdwar, mji ulio pale milima inapoanza na reli inapoishia. Kutoka hapo barabara inapanda kwa kona hadi Dugadda, inavuka mgongo wa mlima pale Gumkhal, kisha inateremka Satpuli kwenye mto Nayar. Mpaka Satpuli mabasi yapo. Baada ya hapo unategemea jipu za abiria, na hizo, dada, ni michomoko yetu kabisa: haina ratiba, ikijaa ndiyo inaondoka, na ikishajaa bado kuna nafasi ya mmoja. Magunia ya mchele, mabati na mbuzi juu. Ndani watu wamebanana na mtoto amepakatwa na mtu asiyemjua. Dereva anajua nani anashukia wapi, nani anasubiri dawa, nani ametumiwa simu mpya na mwanawe aliyeko Delhi. Anabeba barua, anabeba pesa, anabeba ujumbe wa mdomo. Alasiri ikishapita hakuna gari. Mwenye shida saa mbili usiku angoje asubuhi, au amlipe dereva gari zima kwa bei ambayo mjane wa kijijini hawezi kuigusa.

Jipu lilituacha ukingoni mwa barabara, penye kibanda cha chai. Kijiji tulikiona hapohapo, ng'ambo ya bonde, paa zake za mawe zinang'aa. Ungesema ukitupa jiwe linafika. Lakini kufika kwake ni kushuka hadi kijito, kuvuka kwa daraja la magogo, halafu kupanda ngazi za mawe zilizolegea katikati ya misonobari. Sindano za misonobari zikikauka zinateleza vibaya sana. Mimi nilipumzika mara kadhaa. Mama mwenyeji, ambaye amepita miaka sitini, alikuwa amekuja kutupokea, akanitangulia akiwa na mzigo mgongoni na akiongea njia nzima.

Sasa nikueleze jambo lililonifanya nishike kalamu. Sensa ya India hutoa kitabu kwa kila wilaya, na ndani yake kila kijiji kina mstari wake. Kaya ngapi, wanaume, wanawake, watoto wadogo, wanaojua kusoma. Halafu huduma: shule, kituo cha afya, posta, basi, teksi, stesheni ya reli, barabara ya lami, ya changarawe, njia ya miguu. Huduma isipokuwepo, panaandikwa herufi ya umbali. Herufi a ni chini ya kilomita 5, b ni kuanzia 5 hadi 10, c ni zaidi ya 10. Rafiki yangu alinifungulia kitabu hicho kwenye simu, akanionyesha mstari wa kwao. Watu hawakufika mia mbili. Teksi: a.

Nimeitazama herufi hiyo kwa muda mrefu. Aliyeko ofisini akiisoma ataona kijiji kilicho karibu na usafiri, na kwa hesabu ya ramani hajakosea. Ila herufi haisemi kuna bonde katikati. Haisemi kwamba Julai, mvua ikichachamaa, lile daraja la magogo huondolewa na maji na watoto hawavuki. Haisemi nani anatembea. Hapo kwenye herufi a ndipo mama huyu anapopita na mtungi wa gesi.

Mtungi huo nimeubeba mwenyewe, kwa hiyo naweza kukueleza. Gesi ya ndani ni kilo 14.2, na chuma chake kinakaribia uzito huohuo. Jumla ni kama kilo 30. Serikali ilianza mwaka 2016 kuwapa wanawake maskini mitungi ili waachane na moshi wa kuni, na ni jambo jema, macho ya kina mama hawa yanashuhudia moshi ulivyowafanya. Lori la gesi linakuja kwa siku yake na linaishia barabarani. Kuanzia hapo mtungi unafungwa kwa kamba, kamba inapitishwa kwenye paji la uso, mwili unainama, na safari ya kijito inaanza. Ndiyo maana katika jiko la mama mtungi upo, umefunikwa kitambaa safi, lakini chakula cha kila siku bado kinapikwa kwa kuni. Gesi ni ya wageni na ya siku ya homa.

Mwanzoni nilidhani kijiji hiki kimesahauliwa tu. Sivyo. Kimepimwa, kikaonekana hakifikishi. Tarehe 25 Desemba 2000, wiki chache baada ya jimbo hili kuzaliwa, serikali ya waziri mkuu Atal Bihari Vajpayee ilianzisha mpango wa barabara za vijijini uitwao Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana. Ni kazi kubwa, na mahali pengi imebadili maisha; njiani kutoka Satpuli unaona vibao vyake vinavyotaja jina la barabara, urefu, gharama, na mkandarasi anayepaswa kuitunza kwa miaka mitano. Sharti lake la kwanza lilikuwa idadi ya watu. Tambarare, makazi yenye watu 500 na kuendelea yapewe barabara inayopitika mwaka mzima. Milimani, jangwani na kwenye maeneo ya makabila, 250. Na hesabu iliyotumika ni ya sensa ya 2001.

Waliopanga sheria hiyo hawakuwa watu wabaya. Walijua kwamba kijiji cha mlimani hakiwezi kufikisha 500, wakapunguza. Waliweka hata kipengele kinachoruhusu vitongoji vilivyo karibu kuunganishwa vihesabiwe kuwa kimoja: tambarare ndani ya nusu kilomita, milimani ndani ya kilomita moja na nusu ya njia. Fedha haziwezi kufika kila mlango siku moja, na ukianza na wengi umewafikia wengi. Nalikubali hilo. Kisha namtazama mama huyu anayeinama chini ya mtungi, na najua mahali ambapo sheria hiyo inateleza.

Inateleza hapa. Kijiji chenye barabara kinaweza kuishi na watu wachache. Akiugua mtu, dereva mmoja anatosha. Kijiji kisicho na barabara ndicho kinachohitaji watu wengi, tena wenye nguvu. Kijijini hapa mgonjwa asiyeweza kutembea anakalishwa kwenye kiti, kiti kinafungwa kati ya miti miwili mirefu, na miti inawekwa mabegani. Mabega manne, na mengine manne ya kupokezana kwenye mpando, na mtu wa pembeni wa kumshika mgonjwa asianguke kwenye ngazi. Kiti chenyewe nimekionyeshwa. Ni cha plastiki, cha kawaida kabisa, kimening'inizwa ukutani ghalani, miguu imezungushiwa mpira wa tairi ili kamba isikatike, na miti yake miwili imelazwa chini pamoja na majembe. Pale mikono inaposhika, mti umekuwa laini unameremeta.

Mwaka jana bibi mmoja wa hapa aliteleza akikata majani ya ng'ombe kwenye mteremko, akavunjika nyonga. Walipiga 108, namba ya dharura, na gari la wagonjwa likafika pale kwenye kibanda cha chai bila kuchelewa. Likasubiri. Kijijini walikuwepo wanaume watatu wanaoweza kubeba, na mmoja wao alikuwa mzee. Ikabidi vijana waitwe kwa simu kutoka kijiji cha juu, nao wakaja mbio, lakini wakati wanafika jua lilishazama. Bibi aliwekwa kitini gizani, tochi za simu zikitangulia. Alipona, ila hatembei sawasawa. Gari lilikuwepo, petroli ilikuwepo, hospitali ilikuwepo. Kilichopungua ni bega la nne.

Kwa hiyo, dada, watu wanaondoka kwa kuwa hakuna barabara, na barabara haiji kwa kuwa watu ni wachache, na kila anayeondoka anawaachia waliobaki mzigo mkubwa zaidi. Anayeondoka simlaumu hata kidogo. Ile tume ya uhamaji iliwauliza watu sababu, na karibu nusu walitaja kazi. Kama asilimia 15 walitaja shule, na kama 9 walitaja matibabu. Rafiki yangu mwenyewe ana kaka wawili, mmoja yuko Delhi, mwingine jeshini, na dada aliyeolewa Kotdwar ambaye amehamia huko na watoto ili wasome. Shule ya msingi ya kijijini ipo, ina mwalimu, na watoto wake unaweza kuwaketisha wote kwenye mkeka mmoja.

Je, barabara ingewarudisha? Nimelifikiria hili nisije nikakuandikia ndoto. Wachumi wawili, Sam Asher na Paul Novosad, walilinganisha vijiji vya India vilivyofikisha idadi kidogo tu juu ya sharti na vilivyopungukiwa kidogo tu, na wakachapisha walichokiona mwaka 2020. Barabara mpya haikuongeza sana mavuno wala mali. Kikubwa ilichofanya ni kuwatoa wafanyakazi mashambani waende kwenye kazi nyingine. Wapo wanaosoma hivyo wakasema basi barabara hazina maana kubwa. Mimi naona wanauliza swali la muhasibu peke yake. Kijana anayeweza kwenda mjini asubuhi akarudi jioni hajahama. Bega lake liko nyumbani usiku. Na bibi mwenye nyonga iliyovunjika hauzi mavuno yoyote, lakini ni raia sawa na aliye Mumbai.

Mashamba ya ngazi yanayozunguka kijiji mengi yamelala. Wanaobaki wanalima karibu na nyumba tu, kwa sababu nguruwe pori na nyani wanamaliza ya mbali, na chui anaonekana njiani jioni. Wanapanda ulezi! Ulezi wetu huuhuu. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, nao ulivuka bahari ukafika huku maelfu ya miaka iliyopita. Wanausaga, wanakanda unga na maji ya moto, wanaoka mkate wa bapa mweusi, mzito, wanaupaka samli na kuula na mboga za majani au na kunde zao ndogo ziitwazo gahat. Nilipomweleza mama kwamba kwetu tunaunywa uji, alicheka, kisha akaniuliza kama na kwetu wanaume wanaondoka. Nikamwambia vijana wengi wanakimbilia mijini. Akauliza: na wagonjwa mnawabebaje? Nikamweleza kuhusu machela zetu za milimani na pikipiki. Hiyo ya pikipiki aliifikiria sana. Alitaka kujua njia yake iwe pana kiasi gani.

Swali hilo lina uzito kuliko linavyoonekana, maana kinachohitajika hapa si lazima kiwe lami. Daraja la chuma kwenye kijito, ngazi zilizojengwa upya, njia inayoweza kupitisha pikipiki, kamba ya kuvushia mizigo. Vitu vidogo. Lakini mfuko mkubwa ni wa barabara za magari, na ukikosa sharti lake unabaki kumwomba kila mbunge anayepita. Katika uchaguzi wa Aprili 2024 vijiji kadhaa vya jimbo hili vilikataa kupiga kura: hakuna barabara, hakuna kura. Nawaelewa, ingawa naona uchungu kwamba watu wachache hivi walilazimika kuitupa hata sauti waliyokuwa nayo.

Matumaini yapo. Septemba mwaka huohuo baraza la mawaziri liliidhinisha awamu ya nne ya mpango: makazi 25,000, kilomita 62,500, na safari hii hesabu ni ya sensa ya 2011. Mkuu wa kijiji, ambaye ni mwanamke wa makamo mwenye simu mbili na sauti ya mwalimu mkuu, ameshika karatasi ya vitongoji vitatu vya mgongo huu. Kimoja peke yake hakifikishi 250. Vitatu kwa pamoja vinafikisha. Anachobishania sasa ni kile cha tatu, kama njia yake iko ndani ya kilomita moja na nusu au imezidi. Wamepima kwa kamba, wakapima tena kwa simu, na majibu hayakulingana. Mpimaji wa serikali anasubiriwa.

Na hapa ndipo ninapokuhitaji wewe. Sensa ya India iliyopaswa kufanyika 2021 iliahirishwa kwa sababu ya korona, na sasa tarehe rasmi ni 1 Machi 2027. Kwenye maeneo ya theluji ni 1 Oktoba 2026. Kwetu mlimwandika mtu pale alipolala usiku wa sensa. Kwa hesabu ya huku mtu huandikwa anapoishi kwa kawaida, kama amekuwepo hapo kwa siku yoyote katika majuma ya kuhesabu. Watoto wa mama huyu wataandikwa Delhi, Kotdwar na kambini, na kila mmoja wao ataandikwa kwa haki. Lakini wanatuma pesa huku, nyumba wanaikarabati huku, na maiti za wazazi wao zitachomwa kando ya mto wa huku. Jana jioni mama alimwambia mwanawe awapigie simu wenzake waje wote nyumbani siku za sensa. Rafiki yangu alimweleza kwamba kanuni haiko hivyo. Mama akasema karani akija yeye mwenyewe atazungumza naye.

Wewe umeshika kishikwambi mlangoni kwa watu kama huyu. Angekusimamia mlangoni na wanawe watatu nyuma yake, akakuambia hawa ni wa hapa, ungemjibu nini? Niandikie kwa anwani ya Dehradun. Huku posta nayo ni a.

Wasalimie wote nyumbani, na mwambie mama nimepata kibegi cha ulezi wa huku nitakachomletea auonje.

Mdogo wako